Draiva ya Linux: ya keneli, ya distro, ya DKMS au ya mtengenezaji?

Umechomeka adapta ya Wi-Fi ya USB, taa yake inapepesa, lakini orodha ya mitandao iko tupu. Ukiuliza, kila mtu ana dawa yake. Mmoja anakwambia upandishe keneli, yaani kiini cha Linux, hadi toleo jipya. Mwingine anasema kuna kifurushi cha distro (aina ya Linux unayotumia, kama Ubuntu au Fedora). Wa tatu anakutupia amri sita za kunakili na kubandika za DKMS, mfumo unaojenga draiva upya kila keneli mpya inapoingia, na wa nne anakuelekeza kwenye tovuti ya mtengenezaji. Inawezekana kabisa kila moja ya njia hizo ikakupa mtandao leo hii.

Zinapoachana ni wiki tatu baadaye, distro inapoleta keneli mpya na draiva yako ikabidi ijengwe upya. Nani ataijenga? Nimezipitia zote nne, na kila nilipojuta ilikuwa kwa sababu swali hilo sikujiuliza mapema.

## Kwanza ijue chipu

Jina la kwenye boksi halitoshi. Mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu kati ya toleo moja na jingine la bidhaa ileile, na draiva hufuata chipu. Kwa kadi zilizo ndani ya kompyuta tumia `lspci -nnk`, na kwa vifaa vya USB tumia `lsusb`. Matokeo huwa hivi:

```
02:00.0 Network controller [0280]: Realtek ... RTL8821CE ... [10ec:c821]
        Kernel driver in use: rtw88_8821ce
        Kernel modules: rtw88_8821ce
```

Kitambulisho cha kuaminika ni hiyo 10ec:c821. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji (10ec ni Realtek), ya pili ni chipu. Mstari wa "Kernel driver in use" ukiwepo, draiva tayari imekishika kifaa na tatizo liko kwingine. Jaribu hata `rfkill list`, maana huenda Wi-Fi imezimwa tu kwa kitufe. Ukiona "Kernel modules" peke yake, moduli (faili la draiva ambalo keneli huipakia) ipo lakini haijakishika kifaa. Mistari yote miwili ikikosekana, ndipo unapohitaji draiva kweli.

Adapta za USB zina ujanja wao. Baadhi ya zile za Realtek hujitambulisha kwanza kama diski iliyobeba draiva ya Windows. `lsusb` inaonyesha 0bda:1a2b, nawe unaweza kumaliza jioni nzima ukisakinisha draiva ya Wi-Fi kwa kifaa ambacho muda huo kinajifanya CD. Kifurushi cha usb-modeswitch ndicho hukigeuza, na kitambulisho hubadilika, kwa mfano kuwa 0bda:c811 kwa chipu ya RTL8821CU.

Mwisho soma ujumbe wa keneli kwa `sudo dmesg`. Ukikuta mstari kama huu:

```
Direct firmware load for rtl_nic/rtl8168h-2.fw failed with error -2
```

basi huna shida ya draiva. Namba -2 ina maana faili halikupatikana, na faili lenyewe ni programu dhibiti, ile ambayo draiva huipakia ndani ya chipu. Kwenye distro nyingi hukaa katika kifurushi cha linux-firmware. Debian imezigawa katika vifurushi kama firmware-realtek na firmware-iwlwifi, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimetengewa sehemu yake, non-free-firmware. Ila usishtuke kila unapoona -2. Draiva ya iwlwifi ya Intel huanza kuulizia toleo jipya kabisa la faili, kisha hushuka hatua kwa hatua mpaka ipate lililopo. Ikiishia na "loaded firmware version", mambo ni shwari.

Printa na skana naziacha kando, kwa kuwa draiva zake kwa kawaida huishi nje ya keneli na hazina matatizo haya.

## Vigezo vya kupimia

Kigezo kikubwa ni keneli ikibadilika. Linux hujitahidi sana kutovunja programu za kawaida, lakini ndani ya keneli hakuna ahadi kama hiyo: majina ya kazi (functions) na miundo ya msimbo hubadilika toleo hadi toleo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa keneli, ameitetea sera hiyo katika nyaraka za keneli yenyewe. Hoja ni kwamba draiva ikiwa ndani, anayebadilisha kiungo cha keneli ndiye hurekebisha na draiva zote zinazokitumia. Ikiwa nje, mzigo ni wako.

Cha pili ni Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka: ikiwa imewashwa, distro nyingi hukataa moduli isiyo na saini inayotambulika. Cha tatu ni unamwamini nani, kwa sababu draiva huendesha msimbo ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo hata root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) hana ukuta wa kujificha. Cha nne ni kifaa kipya, yaani njia inawahi kiasi gani kutambua chipu iliyotoka juzi. Cha tano ni kuiondoa, ambacho watu hukikumbuka wakiwa wamechelewa.

## Njia ya 1: draiva iliyomo ndani ya keneli

Hapa husakinishi draiva. Unapandisha keneli na programu dhibiti, kisha unawasha upya kompyuta. Ubuntu LTS ina keneli mpya zaidi ziitwazo HWE, Debian ina zake kwenye ghala la backports, na distro kama Fedora na Arch hufuata keneli mpya zenyewe.

Keneli ikibadilika. Hakuna la kufanya, moduli huja na keneli yake.

Secure Boot. Kwenye distro kubwa zinazoiunga mkono, moduli hizi zimeshatiwa saini ya distro. Hutaulizwa kitu.

Unamwamini nani. Watunzaji wa keneli na distro yako, ambao tayari unawaamini. Msimbo umepitiwa na macho mengi kabla ya kuingia.

Kifaa kipya. Hapa ndipo subira inapohitajika. Familia ya rtw88 ya Realtek iliingia na keneli 5.2 mwaka 2019, lakini uwezo wake wa kushika adapta za USB ulikuja na 6.2, mwaka 2023. Mwenye adapta ya USB aliyekuwa kwenye keneli ya zamani alibaki akikodoa macho chipu za PCIe (kadi za ndani ya kompyuta) za familia hiyohiyo zikifanya kazi. Kadi za michoro za AMD zina hadithi nzuri zaidi: amdgpu imo ndani tangu keneli 4.2 ya mwaka 2015. Hata hivyo, kadi iliyotoka mwezi huu haitafanya kazi vizuri kwenye distro iliyogandisha keneli miaka miwili iliyopita.

Kuiondoa. Hakuna cha kuondoa. Keneli mpya ikikusumbua, unarudi ya zamani kupitia menyu ya GRUB, ile ya kuchagua keneli kompyuta inapowaka.

Inamfaa nani. Mtu anayetaka kuwasha kompyuta na kufanya kazi zake, na asiye na kifaa cha jana. Pia inamfaa ambaye bado hajanunua: chagua chipu ambayo draiva yake imo ndani, mfano zile za MediaTek zinazotumia mt76, na makala hii yote inageuka kuwa ya watu wengine.

## Njia ya 2: kifurushi cha distro

Distro hujenga au kupakia draiva ambazo hazimo ndani ya keneli na kuziweka kwenye ghala lake. NVIDIA ndiyo mfano unaojulikana zaidi, ikifuatiwa na broadcom-sta-dkms kwa Wi-Fi kadhaa za Broadcom. Kwenye Ubuntu:

```
ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install
```

Amri ya kwanza huonyesha kinachopendekezwa, ya pili hukisakinisha. Debian hutumia nvidia-driver, Fedora huchukua akmod-nvidia kutoka RPM Fusion, ghala la nje ya Fedora yenyewe.

Keneli ikibadilika. Mara nyingi shwari, kwa sababu anayekuletea keneli ndiye anayekuletea draiva, au angalau anajua ipo. Lakini jina "kifurushi" lisikudanganye. Baadhi ya vifurushi vina moduli iliyokwisha kujengwa. Vingine ni DKMS au akmods (mfumo wa Fedora unaofanana nayo) zilizovalishwa koti la kifurushi, na moduli hujengwa kwenye mashine yako. Kwa akmods, ukiwasha upya kabla ujenzi haujaisha unaweza kukutana na skrini ya ajabu. Upe ujenzi dakika chache.

Secure Boot. Inategemea hilo hilo. Ubuntu ina moduli za NVIDIA zilizokwisha kutiwa saini, hivyo huulizwi chochote. Debian na Fedora hujenga kwako, kwa hiyo utasajili ufunguo wako mwenyewe kama ninavyoeleza kwenye njia ya tatu.

Unamwamini nani. Distro kwa upakiaji, mtengenezaji kwa msimbo. NVIDIA ilifungua msimbo wa moduli zake za keneli Mei 2022, kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea, lakini sehemu zinazokaa nje ya keneli bado ni siri yake.

Kifaa kipya. Nyuma kidogo ya mtengenezaji. Kuna njia ya kati: ghala la mtengenezaji mwenyewe la apt au dnf, ambalo NVIDIA inalo. Unapata matoleo mapya bila kumzunguka msimamizi wa vifurushi.

Kuiondoa. `apt purge` au `dnf remove`, basi.

Inamfaa nani. Karibu kila mwenye kadi ya NVIDIA asiye na sababu maalumu ya kutaka toleo fulani.

## Njia ya 3: msimbo chanzo kupitia DKMS

DKMS ilianzia Dell mwaka 2003, na wazo lake ni jepesi: weka msimbo wa draiva chini ya `/usr/src`, na kila keneli mpya inapoingia, moduli ijengwe upya yenyewe. Ukishapakua msimbo ulio na faili la dkms.conf, unaingia kwenye folda yake:

```
sudo dkms add .
sudo dkms install jina/toleo
dkms status
```

Jina na toleo yamo ndani ya dkms.conf. Kwenye `dkms status` unatafuta neno "installed" kando ya namba ya keneli unayotumia.

Keneli ikibadilika. Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuwa na laptopu ambayo Wi-Fi yake ilitegemea DKMS. Jioni moja nikasasisha mfumo, nikazima, nikalala. Asubuhi hakuna mtandao, na dawa ilihitaji mtandao. Kosa lilikuwa mstari mmoja ambao karibu kila mwongozo huuandika:

```
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
```

Amri hiyo huleta vichwa (headers, faili zinazohitajika kujengea moduli) vya keneli unayotumia dakika hiyo, na hiyo tu. Keneli mpya ilipokuja, vichwa vyake havikuja, na DKMS bila vichwa haina cha kujengea. Unachotakiwa kuweka ni kifurushi mama kinachofuata keneli: linux-headers-generic kwenye Ubuntu, linux-headers-amd64 kwenye Debian. Niliokolewa na menyu ya GRUB, nikaingia keneli ya zamani ambayo bado ilikuwa na moduli yake. Njia nyingine ya kujiokoa ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kugawa mtandao wake. Kwa kawaida Linux huitambua simu bila draiva ya ziada.

Vichwa vikiwepo, bado ujenzi unaweza kugoma kwa sababu msimbo wenyewe umepitwa. Keneli 6.15 ya mwaka 2025 iliondoa majina ya zamani del_timer na del_timer_sync, na draiva nyingi za nje ziliacha kujengeka siku hiyohiyo. Soma `make.log` chini ya `/var/lib/dkms/`. Ukiona "implicit declaration of function", tatizo haliko kwako. Mwenye msimbo hajaufuatisha na keneli. Angalia kama kuna marekebisho mapya. Kama mara ya mwisho kuguswa ni miaka mitatu iliyopita, anza kutafuta adapta nyingine.

Secure Boot. Inawezekana, kwa hatua moja ya ziada. DKMS za sasa hutengeneza ufunguo na kutia saini zenyewe, wewe unausajili. Kwenye Debian:

```
sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub
```

Ubuntu huuweka ufunguo `/var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`. Utaombwa nenosiri la muda, kisha uwashe upya. Skrini ya bluu hutokea na kuhesabu sekunde kumi tu. Ukienda kunyoosha miguu, inapita na itabidi uanze tena. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", andika nenosiri lile. Tumia herufi za kawaida bila alama, maana mara nyingi hapo kibodi husomeka kwa mpangilio wa Kimarekani. Usipofanya hivi, `modprobe`, amri ya kupakia moduli, itakujibu "Key was rejected by service".

Unamwamini nani. Mtu mwenye akaunti ya msimbo mtandaoni. Wapo wanaofanya kazi safi ya kujitolea, wenye maelezo mazuri kuliko ya viwanda. Lakini unampa funguo za nyumba, kwa hiyo angalia msimbo umeguswa lini, na kama malalamiko ya watu yanajibiwa.

Kifaa kipya. Hapa inang'aa. Mara nyingi ndiyo njia ya kwanza kwa chipu ambayo haijaingia ndani ya keneli.

Kuiondoa. `sudo dkms remove jina/toleo --all`, kisha ufute folda iliyo `/usr/src`. Fanya hivyo siku draiva ya ndani itakapokuja, la sivyo moduli mbili zitagombania kifaa kimoja na hutajua ipi imeshinda.

Inamfaa nani. Anayesoma ujumbe wa kosa bila kuogopa, na mwenye njia ya pili ya kupata mtandao.

## Njia ya 4: faili la mtengenezaji

Ni faili la .run, au folda yenye msimbo na maelekezo ya `make` kisha `sudo make install`.

Keneli ikibadilika. `make install` huweka moduli ndani ya `/lib/modules/` ya keneli moja tu. Keneli inayofuata haina habari nayo. Na ukijaribu kubeba moduli ile kwa mkono utakutana na "Invalid module format". Faili la .run la NVIDIA lina chaguo la `--dkms`, ambalo huipunguza shida hii.

Secure Boot. Kazi ya mikono, ingawa NVIDIA inakuuliza kama unataka kutia saini.

Unamwamini nani. Mtengenezaji moja kwa moja, naye anaendesha programu yake kwa mamlaka ya root.

Kifaa kipya. Hakuna anayemtangulia.

Kuiondoa. Hapa ndipo unalipa. Msimamizi wa vifurushi haoni faili hizi, hivyo siku distro inaposasisha kipande kimoja na kingine kubaki, `nvidia-smi` hulalamika "Driver/library version mismatch". Endesha `sudo nvidia-uninstall` kabla ya kuhamia kifurushi cha distro, kisha kagua kama faili la kuizuia nouveau (draiva ya NVIDIA iliyomo ndani ya keneli) limebaki kwenye `/etc/modprobe.d/`. Faili hilo likibaki linaweza kukuacha bila draiva yoyote ya maana ya michoro.

Inamfaa nani. Anayehitaji toleo fulani haswa kwa ajili ya programu fulani, au mwenye kifaa cha kazi maalumu ambacho mtengenezaji wake hutoa njia hii tu.

## Usanidi, njia yoyote utakayochukua

Mipangilio ya moduli hukaa kwenye faili za .conf ndani ya `/etc/modprobe.d/`. Mfano ninaoupenda ni ule mlio wa "tik" kwenye spika kila sauti inapoanza, kwa kuwa chipu ya sauti ilikuwa imejizima kubana umeme:

```
options snd_hda_intel power_save=0
```

Washa upya, kisha soma `/sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save` uhakikishe imeshika. `modinfo -p` hukuorodheshea vigezo vyote vya moduli. Ukigusa moduli inayopakiwa mapema, kama ya michoro, tengeneza upya initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa mwanzo kabisa wa kuwaka: `sudo update-initramfs -u` kwenye Debian na Ubuntu, `sudo dracut --force` kwenye Fedora.

Kumbuka kwamba chipu ileile ina vigezo tofauti kwa draiva tofauti. Kuzuia Wi-Fi ya Realtek isisinzie, draiva ya ndani hutumia `options rtw88_core disable_lps_deep=Y`, ilhali draiva nyingi za nje zenye asili ya Realtek hutumia `rtw_power_mgnt=0`. Ukiandika cha huku kule, keneli hukipuuza na kuacha mstari mmoja wa "unknown parameter" kwenye dmesg, ambao hakuna anayeusoma.

## Kulingana na hali yako

Hujui kama keneli mpya itasaidia: washa kompyuta kwa USB yenye distro mpya zaidi, bila kusakinisha. Kifaa kikifanya kazi, nenda njia ya kwanza. Kisipofanya, umejua ndani ya dakika kumi kwamba kupandisha hadi keneli hiyo hakutoshi.

Una NVIDIA kwa michezo au kazi za kawaida: kifurushi cha distro. Unahitaji toleo fulani kwa hesabu nzito: jaribu ghala la mtengenezaji kabla ya .run.

Adapta ya USB ndiyo mtandao wako pekee na chipu yake haimo ndani ya keneli: DKMS, pamoja na kifurushi mama cha vichwa, na usifute keneli ya zamani mpaka mpya ipite jaribio. Pakua msimbo na vichwa uvihifadhi kwenye diski ya nje.

Una seva isiyotakiwa kuzima: ya kwanza au ya pili. Kuganda kwenye keneli ya zamani ili draiva ya nje isivunjike ni kuacha pia viraka vya usalama, na hilo liamuliwe kwa makusudi, lisitokee kwa kusahau.

Mashine nyingi zinazofanana, Secure Boot ikiwa imewashwa zote: DKMS itakulazimu kukaa mbele ya skrini ya bluu ya kila mashine. Hapo kadi tofauti yenye draiva ndani ya keneli huweza kukugharimu kidogo kuliko muda wako.

Kifaa cha maabara au kiwandani chenye .run pekee: kubali, lakini andika kwenye faili moja amri ulizotumia, toleo la keneli na mahali faili zilipowekwa, na uliache kwenye mashine hiyohiyo.